Baada ya ajali, tunza jeraha lako na karatasi zako

Juma hili sitazungumza kuhusu malaria wala shinikizo la damu. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao mimi daktari hukutana nao mara kwa mara, na dawa yake haimo kabatini mwangu. Ugonjwa huo ni umaskini unaoingia nyumbani baada ya ajali.

Miezi michache iliyopita mama mmoja aliingia katika chumba changu akichechemea. Alikuwa mchuuzi wa maembe kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, upande wa Makueni. Siku moja matatu iliacha barabara, ikamgonga akiwa amekaa kando ya vikapu vyake. Mfupa wa paja ulivunjika, ukaunga ukiwa umepinda, na sasa mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Alitaka nimwandikie ripoti ya kumpelekea wakili.

"Mwaitu, ajali hiyo ilitokea lini?" nilimwuliza. (Mwaitu ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.)

"Daktari, huu ni mwaka wa nne," alijibu. "Mwenye gari alituambia tusijisumbue na polisi, tuyamalize nyumbani. Akaleta unga na shilingi elfu kumi. Tangu siku hiyo hatujamwona."

Kufikia hapo familia ilikuwa imeuza ng'ombe wawili, kisha kipande cha shamba, ili kulipia matibabu. Ripoti nilimwandikia, kwa maana ni haki yake kuwa nayo. Lakini nilijua, kama wakili alivyomweleza baadaye, kwamba alikuwa amechelewa. Mguu wake ulikuwa na haki ya kulipwa fidia, ila muda wa kuidai ulikuwa umekwisha.

Kwa sababu ya mama huyo, nimeona heri tujifunze pamoja mambo ambayo mtu aliyeumia, au jamaa zake, wanapaswa kuyajua. Mimi si wakili, na makala haya hayawezi kushika mahali pa wakili. Hata hivyo, kesi nyingi za majeruhi hushinda au hushindwa katika siku za kwanza, na siku hizo mgonjwa huwa mikononi mwetu sisi madaktari na wauguzi.

KWANZA NI UHAI

Ajali ikitokea, iwe ni Emali, Makindu, Mtito Andei au katika barabara ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui, jambo la kwanza ni kuokoa maisha. Damu inayotiririka ibaneni kwa kitambaa safi. Mtu anayelalamika shingo au mgongo asivutwe ovyo, isipokuwa gari linawaka moto au kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Mwendeshaji bodaboda asivuliwe kofia yake ya chuma kwa nguvu.

Jueni pia kwamba Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Hospitali haiwezi kumwacha majeruhi akivuja damu mlangoni ikingoja pesa.

Kosa ninaloliona sana ni la mtu kujikung'uta vumbi na kwenda nyumbani akisema, "Mimi sikuumia." Majeraha mengine hujificha. Ubongo unaweza kuvuja damu polepole, na wengu uliopasuka unaweza kungoja saa kadhaa kabla ya kujionyesha. Mrudishe mtu hospitalini mara moja ukiona dalili hizi baada ya ajali:

- kichwa kinachozidi kuuma, au kutapika tena na tena;
- usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au kifafa;
- tumbo kuuma na kuwa gumu, au damu katika mkojo;
- ganzi au udhaifu wa mkono au mguu.

Kwenda hospitalini siku ile ile kuna faida ya pili. Kunaandikwa tarehe. Mtu anayekuja baada ya majuma matatu akisema aliumia katika ajali fulani huwapa watu wa bima nafasi ya kuuliza: "Tutajuaje kwamba hakuanguka nyumbani kwake?"

KARATASI ZA SIKU ZA KWANZA

Chukua bahasha moja kubwa na uiweke mahali ambapo mvua na watoto hawafiki. Ndani yake weka vitu hivi:

1. Nambari ya OB. Ajali iripotiwe katika kituo cha polisi, na uandike nambari ambayo taarifa yako imepewa katika kitabu cha matukio. Dereva aliyehusika katika ajali ya kuumiza mtu anatakiwa na sheria kuripoti, lakini usimtegemee yeye.

2. Abstrakti ya polisi. Hii huonyesha tarehe, mahali, magari yaliyohusika, majina ya waliojeruhiwa na kampuni ya bima.

3. Fomu ya P3. Hii hutolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya aliyeidhinishwa. Fomu yenyewe haiuzwi. Ndani yake tunaeleza jeraha na kulipima kisheria: ni madhara ya kawaida, ni madhara makubwa, au mtu amelemazwa.

4. Kadi ya hospitali, barua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na picha za eksirei. Picha hizo ni zako, usiziache wodini.

5. Risiti zote, hata ya shilingi hamsini. Risiti za dawa, magongo, nauli ya kwenda kliniki, zote.

6. Nambari ya usajili wa gari na maelezo ya stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo. Ikiwezekana, mtu apige picha kwa simu.

7. Majina na nambari za simu za watu walioshuhudia.

Kwa nini nasisitiza risiti? Mahakama hutoa fidia za namna mbili. Kuna fidia ya jumla, yaani ya maumivu na ya mambo ambayo huwezi tena kuyafanya. Hiyo hakimu huikadiria akitazama kesi zilizotangulia za majeraha kama yako. Kisha kuna fidia maalumu, yaani pesa ulizotumia. Hiyo haikadiriwi. Ni lazima itajwe katika madai na ithibitishwe kwa stakabadhi. Risiti uliyofungia sukari ni pesa ulizozitupa.

SOMA KADI YAKO KABLA YA KUTOKA

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya umma, usiku mmoja waliletwa majeruhi wengi kwa pamoja. Kijana mmoja alikuwa amevunjika mkono wa kushoto. Kwa uchovu, mimi nikaandika "wa kulia". Miaka miwili baadaye niliitwa mahakamani. Wakili wa upande wa pili alisoma maandishi yangu polepole, neno kwa neno, na kijana yule akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Kilichomwokoa ni picha ya eksirei ambayo mama yake alikuwa ameihifadhi chini ya godoro, yenye alama ya mkono wa kushoto.

Tangu siku hiyo nawaambia wagonjwa wangu: soma kadi yako, au mpe mtoto wako aliyesoma aisome, kabla hujatoka hospitalini. Je, jina ni lako kama lilivyo kwenye kitambulisho? Tarehe ni sawa? Upande ni sawa? Majeraha yote yametajwa, au ni lile kubwa tu? Kukiwa na kosa, omba kwa adabu lirekebishwe siku hiyo hiyo. Daktari mwema hatakasirika.

Baadaye wakili atahitaji ripoti kamili ya daktari, inayosema umebaki na ulemavu kiasi gani. Kwa majeraha makubwa, sisi hupenda kungoja mpaka kidonda kitulie, mara nyingi miezi kadhaa, ndipo tuseme kama kiungo kitarudi au la. Kampuni ya bima nayo inaweza kukutaka uonane na daktari wake. Nenda, na useme ukweli huo huo.

Ukweli, nasema. Usikubali mtu akuongezee jeraha ambalo huna. Madai ya uongo ni kosa la jinai. Isitoshe, yanawafanya majeruhi wa kweli watiliwe shaka, na yanazila kampuni za bima kama mchwa.

SAA YA SHERIA INAHESABU

Sasa tufike mahali alipokwama yule mama wa maembe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi. Ikiwa anayedaiwa ni serikali, kwa mfano uligongwa na gari la serikali, muda ni miezi 12 tu. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini kwa sababu chache, kama vile mdai kutojua mambo muhimu ya dai lake. Kungoja ahadi za mwenye gari si mojawapo ya sababu hizo.

Kama mwenye gari anataka myamalize nyumbani, hakuna ubaya kuzungumza. Lakini ripoti kwa polisi kwanza, na kila kitu kiandikwe. Mazungumzo hayasimamishi saa.

Mambo mengine matatu juu ya bima ya gari. Kwanza, sheria inalazimisha kila gari barabarani, bodaboda ikiwemo, kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa. Dai la mtu mmoja chini ya bima hiyo ya lazima limewekewa kikomo cha shilingi milioni 3, na kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Pili, kampuni ya bima ni lazima ipewe ilani ya kesi kwa wakati, la sivyo inaweza kukataa kulipa hata ukishinda. Muulize wakili wako kama ametuma ilani hiyo. Tatu, bima ya lazima inamlinda abiria aliyelipa nauli, lakini sheria haikulazimisha imlinde yule aliyepewa lifti ya bure. Ninyi mnaopanda pikapu za mizigo jioni ya soko, lifikirieni hilo.

Aidha, mahakama itatazama kama wewe pia ulichangia ajali. Abiria asiyefunga mkanda, au mtu aliyevuka barabara akiwa amelewa, anaweza kupunguziwa fidia.

ALIYEUMIA KAZINI

Aliyekatwa kidole na mashine, au kuanguka kwenye mjengo, hafuati njia hiyo. Yeye hufuata Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi huiita WIBA. Hii haihitaji uthibitishe kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Inatosha kwamba uliumia ukifanya kazi yake. Mwambie mwajiri mara moja. Yeye anatakiwa amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na kukitokea kifo, ndani ya saa 24. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Kwa miaka mingi palikuwa na ubishi mahakamani kuhusu sheria hiyo. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni halali. Kwa hiyo dai la namna hii huanzia kwa Mkurugenzi, si kwa hakimu. Kibarua wa siku asidhani haimhusu.

AKIFARIKI MTU

Wengi wetu tunaikumbuka Desemba 4, 2021, wakati basi lililowabeba watu waliokuwa wakienda harusini liliposombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Katika msiba kama huo hakuna anayetaka kusikia habari za karatasi. Lakini mjane na mayatima watakula nini mwaka ujao?

Sheria inawaruhusu mke, mume, watoto na wazazi wa marehemu kudai fidia. Msikatae uchunguzi wa maiti kwa haraka ya kuzika, kwa maana ripoti yake ndiyo inayosema mtu alikufa kwa nini. Tafuteni cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi, na kibali cha mahakama kinachomruhusu mmoja wenu kushtaki kwa niaba ya marehemu. Kesi iliyofunguliwa bila kibali hicho hutupwa nje.

KUMPATA WAKILI

Huna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi. Kuna mahakama Wote, Makindu, Kilungu, Kitui na Mwingi, na mawakili wenye ofisi karibu nazo. Zingatia haya:

- Jihadhari na mtu anayekufuata wodini na fomu mkononi. Sheria inakataza mawakili kutafuta wateja kwa njia hiyo.
- Hakikisha ni wakili kweli, mwenye leseni ya mwaka huu. Chama cha Mawakili nchini kinaweza kukuthibitishia.
- Patana malipo kwa maandishi. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya kwamba wakili atalipwa ikiwa tu ameshinda.
- Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiyoielewa, hasa hati ya kukubali malipo ya mwisho. Ukishaitia sahihi, huwezi kurudi kudai zaidi.
- Mwambie akupe nambari ya kesi. Ukiwa nayo, unaweza kuuliza mwenyewe mahakamani.

Wakili akila pesa zako, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Na ikiwa huna kitu kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na kanuni za mahakama zinamruhusu mtu fukara kuomba kufungua kesi bila kulipa ada. Uliza katika dawati la huduma la mahakama iliyo karibu nawe. Kuuliza hakulipishwi.

MADENI YAKIKUZIDI

Ajali humfilisi mtu kwa njia mbili. Humfilisi aliyeumia, ambaye hawezi kufanya kazi na anadaiwa na hospitali, duka na chama. Pia inaweza kumfilisi mwenye gari. Mwaka 2005 kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na magari mengi ya abiria, iliwekwa chini ya msimamizi. Mwaka 2011 ikafuata Blue Shield. Bima ikianguka, malipo hukwama, na mwenye hukumu mkononi humgeukia mwenye matatu. Mtu aliyenunua gari moja kwa mkopo anajikuta dalali yuko langoni. Kuna Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima inayowalipa wadai wa kampuni zilizoanguka, lakini ina kikomo chake. Kwa hiyo ninyi wenye magari, msichague bima kwa sababu ni rahisi tu.

Neno "kufilisika" huwatia watu aibu, wakadhani ni kama kifungo. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ililigeuza jambo hili. Kufilisika ni hatua ya mwisho, na kabla yake kuna nyingine. Unaweza kufanya mapatano na wadai wako yakisimamiwa na mtaalamu na kuidhinishwa na mahakama. Unaweza kumwomba Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia mambo haya, amri ya kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali yoyote, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ana utaratibu wake, ambao humfungua baada ya miezi 12. Hata aliyetangazwa na Mahakama Kuu kuwa amefilisika, kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake. Katika muda huo mali yake husimamiwa na mwingine, na hawezi, kwa mfano, kugombea ubunge.

Dalali naye ana mipaka. Sheria inakataza kuchukua vyombo vya kupikia, nguo, matandiko na zana za kazi za lazima. Hospitali nayo haina ruhusa ya kukufanya mfungwa wodini kwa sababu ya bili. Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 2015. Deni linabaki kuwa deni, lakini si kifungo.

Kabla ya kuuza shamba la familia, basi, kaa chini na wakili kwanza. Na kama una dai la fidia linaloendelea, mweleze habari zake waziwazi.

USIUGUE MARA YA PILI

Mwisho, narudi kwenye kazi yangu. Deni huumiza mwili. Naona wagonjwa wasiolala, wenye presha isiyoshuka kwa dawa yoyote, waliorudi kwenye chupa. Wengine huota ajali kila usiku na kushtuka wakisikia honi. Wengine hunena kwamba afadhali kufa. Ukifika hapo, au ukimwona ndugu yako amefika hapo, njoo hospitalini leo, usingoje kesho. Usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria iliyokuwa ikiwaadhibu watu waliojaribu kujiua inakwenda kinyume cha Katiba. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Yule mama wa maembe bado anakuja kliniki. Tumempa kiatu chenye soli nene, na sasa anatembea bila fimbo. Nilipomwambia kwamba ningependa kuandika habari zake bila kutaja jina, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Andika, daktari. Waambie wasingoje unga."

Basi, mpenzi msomaji, nimekuambia. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, ripoti kwa polisi, tunza bahasha yako, na umwone wakili mapema. Jeraha tutalishona sisi. Bahasha ni juu yako.